Doria ya kampuni ya ulinzi na polisi kata mtaani kwetu Dodoma: hela nalipa, ila kuna mambo

Watu wengi wameniuliza kuhusu hii doria tuliyoingia mtaani, kama kweli inafanya kazi au ndo tunachangishwa tu, sasa naandika mara moja hapa maana kujibu mmoja mmoja vidole vimechoka. Jina la kampuni sitaji, yapo mazuri na yapo mabaya na sitaki mtu aje kunigongea geti, afu kampuni nyingi za hapa mjini zinafanana fanana tu, sare tofauti mambo yale yale. Tofauti iko kwenye namna wanavyokaa na polisi na hapo ndo nitakaa muda mrefu. Mtaa wenyewe ni huku njia za kwenda Mtumba kwenye Mji wa Serikali, wanaojua watajua.

Basi iko hivi. Kila nyumba inayoshiriki inatoa elfu thelathini kwa mwezi kwa Lipa Namba ya kampuni, meseji inaingia kwenye simu hapo hapo, hamna mtu anayepita na daftari kukusanya keshi. Kwa hela hiyo mnapata masoja wawili wa miguu kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka kumi na mbili asubuhi, mmoja wa pikipiki anayezungukia mitaa kadhaa, na gari la dharura ambalo hilo mnashea na nusu ya mji. Ukitaka king'ora na vile vitufe vya kubonyeza ukivamiwa unaongeza hela na kufunga ni juu yako. Mimi nimefunga dukani tu, nyumbani nina mbwa na mume anayekoroma. Ukitaka mlinzi wa kampuni akae getini kwako peke yako hapo unaongelea malaki kila mwezi, mwenye silaha ndo usiseme, kwaiyo kwa sisi watu wa kawaida kugawana doria ndo namna pekee inayoingia akilini.

Ila doria ya kampuni peke yake nishaiona kwingine na haikunifurahisha. Soja anapiga filimbi saa nne usiku ili mjue yupo, saa saba kalala kwenye pagale. Huku kwetu kilichobadilisha mambo ni kwamba mkataba haukusainiwa mpaka polisi kata akae kikao kimoja na supavaiza wa kampuni, mwenyekiti wa mtaa na mtendaji, wakakubaliana nani anampigia nani, namba zikabandikwa ofisi ya mtaa. Kwa asiyejua, polisi kata ni mkaguzi wa polisi aliyepangiwa kata, kazi yake ni kukaa na watu huko huko waliko badala ya kusubiri waje kaunta. Ni muendelezo wa ile polisi jamii iliyoanza enzi za mkuu wa jeshi la polisi, IGP Said Mwema, 2006, na niseme ukweli wakati ule wengi tuliona ni semina na tisheti tu. Huyu wetu ni afande kijana kidogo, anatembea na pikipiki, anajua mpaka mbwa wa nani anang'ata.

Niwape picha ya huku kwanza maana mtu wa Dar anaweza kusema mbona mnatumia hela nyingi mji mdogo. Mji mdogo ulikuwa zamani. Sensa ya 2012 Dodoma mjini tulikuwa watu 410,956, ya 2022 jiji limekutwa na 765,179, karibu mara mbili ndani ya miaka kumi, na wengi wa hao wapya wamekuja baada ya serikali kutangaza 2016 kwamba inahamia huku jumla. Sasa mitaa kama Majengo au Chang'ombe watu wanajuana, mgeni akikatiza uchochoroni bibi anamuuliza wewe mtoto wa nani. Huku kwetu viwanja vimepimwa, kila mtu na geti lake refu, katikati mapagale, jirani humjui jina unamjua gari. Baba na mama wote watumishi, asubuhi wameondoka, dada wa kazi kabaki na mtoto na tivii.

Afu kuna hili la wikiendi. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma katikati ya 2024, Ijumaa jioni nusu ya mtaa wako stesheni na mabegi wanaenda Dar kwa familia, wanarudi Jumapili usiku au Jumatatu alfajiri. Wezi nao wana kalenda jamani. Ukipiga hesabu za vitu vilivyokuwa vinaondoka kabla ya doria, mitungi ya gesi, betri za gari, nyaya za kwenye nyumba inayojengwa, koki za nje, saidi mira, kuku, vingi vilikuwa vinaondoka Ijumaa na Jumamosi. Na ukiangalia hivyo ni vitu vidogo vidogo ambavyo mtu hapeleki kituoni, anatukana tu kwenye grupu la mtaa kisha ananunua vingine.

Hapo ndo nakuja kwenye kitu ambacho mimi naona kinarudisha hela yangu, na wala si bunduki wala king'ora. Ni OB. Lile daftari la zamu.

Kila soja wa zamu anatakiwa aandike alichokiona, saa ngapi, wapi. Kampuni zote wana hilo daftari, mahali pengi linaandikwa "hali shwari" ukurasa mzima kwa kalamu ile ile na kwa mkao ule ule, yani limejazwa asubuhi likisubiri chai. Huku kwetu kuna mzee mmoja wa zamu ya usiku, Mgogo wa huku huku, ukimpita lazima umpe "mbukwa" kwanza ndo mambo mengine yafuate, huyo mzee anaandika kama analipwa kwa neno. Saa nane na dakika arobaini usiku bodaboda nyekundu haina pleti imepita mara ya pili, abiria kakumbatia kiroba. Geti la nyumba ya kona halijafungwa, nimegonga, kaitika mama. Taa ya nje ya nyumba yenye mwembe haijawaka leo. Vitu hivyo. Na walichokubaliana kwenye kile kikao ni kwamba asubuhi wakikabidhiana zamu supavaiza anapiga picha ule ukurasa anamtumia afande, na afande anausoma. Basi. Hamna mtambo hapo, hamna programu, picha ya daftari tu.

Sasa bodaboda nyekundu. Afande anapokea kurasa za mitaa tofauti ndani ya kata, ya kwetu na ya wenzetu wanaolindwa na kampuni nyingine, akaanza kuona hiyo bodaboda isiyo na pleti inatajwa huku na kule usiku ule ule, na kiroba chake. Wakati huo hakuna mtu hata mmoja aliyekuwa amefungua jalada! Watu tumeibiwa mitungi tumekaa kimya. Askari wakaifuatilia taratibu ikawapeleka mpaka kwa jamaa mmoja ananunua vyuma chakavu, ndani wakakuta mitungi, betri, nyaya zimeshachunwa plastiki, koki kwenye ndoo. Akakamatwa wa bodaboda na mnunuzi naye, maana kupokea mali ya wizi nako ni kosa kwenye Kanuni ya Adhabu, watu wanasahau hilo, wanadhani mwizi ni aliyeruka ukuta peke yake. Bila mnunuzi yule wa ukuta anaenda wapi na mita ya maji?

Tukaitwa kituoni kutambua mali na hapo ndo mtaa mzima tuliumbuka. Mitungi imepangwa pale mingine rangi moja saizi moja, afande anauliza wa kwako upi, umeujuaje. Watu wanaangaliana. Mama mmoja tu ndo alitoka kifua mbele, mtungi wake alikuwa kaandika jina la mwanae chini kwenye kitako kwa rangi ya kucha. Kaka mwingine alikuwa na risiti ya betri ina namba. Wengine wote ni "ule unafanana na wangu", na kufanana mahakamani hakukusaidii kitu. Kwaiyo ushauri wa bure kabla hata hujalipa kampuni yoyote, wekeni alama kwenye vitu vyenu, piga picha namba za tivii na laptopu, simu bonyeza *#06# uandike IMEI, ile namba ya utambulisho wa simu yenyewe, mahali, risiti usiifanyie kibahasha cha karanga.

Kesi ikaenda mahakamani. Mnajua kinachofuata, tarehe inatajwa inaahirishwa, mtu ana kazi Mtumba bosi hampi ruhusa, mwisho wanaofika ni wachache. Mlalamikaji asipotokea kesi inafutwa halafu tunarudi mtaani tunasema polisi wamekula hela. Yule mzee wa OB alikwenda. Alikwenda na daftari lake, akasoma mbele ya hakimu alichoandika usiku ule, kampuni ikamlipia nauli na siku yake ikahesabiwa kama kazini, hilo nawapa maua yao kabisa maana hawakulazimika. Wa bodaboda alitiwa hatiani. Ya mnunuzi mpaka naandika hapa bado inaendelea kwaiyo nanyamaza.

Nimelielezea hili kwa urefu kwa sababu ukienda ofisini kwao watakuonyesha vitu vingine, kofia za chuma, mbwa, gari lina taa juu. Uliza OB inaenda wapi asubuhi. Kama jibu ni "tunaihifadhi ofisini", jua unanunua filimbi.

King'ora. Kwa upande wa dukani kinafanya kazi, kontrol rumu wanapiga simu ndani ya muda mfupi sana wanakuuliza neno la siri, ukikosea au usipopokea gari linatoka. Tatizo letu Dodoma ni upepo. Mwezi wa saba na wa nane ule upepo ukianza, vumbi linaingia kwenye vile vijicho vya kunusa mtu, bati linapiga kelele, king'ora kinalia saa nane usiku mtaa mzima macho. Fundi kaja kapunguza ukali wake, sasa kimekuwa kipole mpaka nina wasiwasi. Na soma mkataba vizuri, king'ora kikilia bure mara nyingi kwa mwezi wanaanza kukutoza mafuta ya gari. Na fidia nayo, mkataba unasema wanalipa pale tu ikithibitika ni uzembe wa mlinzi wao, na kuna kiwango cha mwisho ambacho ukikisoma unacheka, hakitoshi hata friji la vinywaji. Bima ya duka kata kivyako.

Sasa mabaya ya kweli.

Kuna usiku waliingia famasi ya jirani yangu, wakatoboa dari. Gari la kampuni lilifika haraka, wakazunguka jengo, mmoja wa wale wezi akashikwa akiwa bado juu kwenye mabati. Watu wakaamka na mapanga na matofali, mnajua "wananchi wenye hasira kali" wanavyokuwa, na kusema ukweli wale masoja ndo waliomuokoa yule kijana asiuawe, walimuingiza kwenye gari lao wakafunga milango. Hapo nawapongeza. Ila gari la polisi halikuja. Wote tunaujua ule wimbo wa "gari halina mafuta". Supavaiza akaamua kupeleka gari la kampuni kituoni kuchukua askari, wakaja, wakachukua maelezo, mtuhumiwa akaondoka nao, kila kitu kikaisha kabla ya adhana.

Wiki hiyo hiyo ng'ambo ya korongo kwa mama mmoja mjane, yeye hachangii doria kwa sababu hana hiyo elfu thelathini, walimvunjia mlango wa jikoni. Alipiga 112, ni bure na ilipokelewa vizuri tu, akaambiwa askari wanakuja. Walikuja asubuhi.

Nilimuuliza afande kwenye kikao, sikumung'unya. Nikamwambia afande huyu mama naye ni raia, analipa kodi kwenye kila kitu anachonunua dukani kwangu, inakuwaje sisi tunapata polisi usiku yeye anawapata mchana. Akanijibu bila kona, "Mama, gari ni moja, nyie mlikuja kunichukua, yeye hakuna aliyekuja kunichukua." Jibu la kweli, na kwangu ndo linalotisha zaidi. Ina maana tumelipia usafiri wa polisi bila kujijua, na asiyelipa anasubiri. Hii sasa siyo lawama ya kampuni, wao walifanya kazi yao, na afande wa watu gari hanunui yeye. Lakini tusijidanganye tukaita huo ni ushirikiano ukaisha hapo. Na kuna lingine, baada ya wa bodaboda kukamatwa na masoja kuzoeleka huku kwetu, wizi ulivuka korongo. Wenzetu wa ng'ambo walianza kuibiwa kuliko zamani. Tuliwasukumia.

Kilichofanyika, na hapa mwenyekiti alisimama kiume, vijana wa ng'ambo wakaunda kikundi cha ulinzi shirikishi, afande akawapa mafunzo kidogo, nani wa kumsimamisha na nani wa kumuacha, jinsi ya kutoa taarifa. Kampuni wakakubali kiongozi wa kile kikundi awe na namba ya kontrol rumu na akipiga wasimuulize kama ni mteja. Soja wa pikipiki naye apitishe huko. Wenzetu wa Usukumani na Unyamwezini walijilinda kwa sungusungu toka miaka ya themanini bila kampuni yoyote kwaiyo jambo lenyewe siyo geni. Linaenda? Nusu nusu. Namba inapokelewa. Pikipiki inapita ikijisikia. Na ile michango ya vijana wale inakusanywa mkononi bila risiti, nimesema nimechoka, mtendaji yupo, kitabu kipo, tatizo nini.

Baya lingine ni mikono. Kuna kijana mpangaji alirudi usiku amebeba tivii na begi, alikuwa anahama kwa baba mwenye nyumba mmoja kwenda kwa mwingine kwa sababu walizinguana kodi, masoja wawili wageni wakamuweka chini, wakampiga makofi, wakamlazimisha afungue simu waangalie picha. Kijana wa watu anafanya kazi ya usiku hotelini. Jamani mlinzi wa kampuni kisheria hana tofauti kubwa na mimi na wewe, akiona mtu anatenda kosa mbele ya macho yake anaruhusiwa kumkamata, na akishamkamata amkabidhi polisi bila kuchelewa. Hayo makofi yametoka wapi? Afande alipopata habari aliwaita wote kituoni, kampuni ikaomba msamaha mbele ya mwenyekiti na mmoja akaondolewa. Kijana hakutaka kufungua kesi, angetaka ningemsindikiza. Ila angalieni, bila polisi kuwa ndani ya huu mpango nani angewaita hao masoja? Sisi tunaolipa tungesema "bora wamekosea kwa kuzidisha ulinzi", nawajua majirani zangu.

Na hao masoja wageni ndo wananileta kwenye lalamiko langu kubwa. Wanabadilishwa kila mara. Ukizoea sura, mwezi ujao kapelekwa kulinda benki au kaacha kazi. Kuacha wanaacha na siwalaumu. Amri ya mishahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka kima cha chini cha mlinzi kuwa shilingi 148,000 kwa kampuni ndogo na 222,000 kwa kampuni kubwa na za kimataifa. Mtu anasimama usiku kucha masaa kumi na mbili kwenye baridi ya Dodoma ya mwezi wa sita, koti moja wanapokezana, ana watoto, akipata kibarua cha saiti cha mchana anaondoka. Niliwauliza kampuni wanawalipa kiasi gani wakaniambia "kwa mujibu wa sheria", jibu la watu waliosoma.

Sasa unganisha hilo na daftari la safari. Hii ni huduma nyingine wanayotoa na kwenye karatasi inavutia, ukisafiri unawaambia tarehe ya kwenda na kurudi, masoja wanapita kwako mara nyingi zaidi, wanaangalia kufuli, wanawasha taa ya nje kama umewaachia swichi. Kwa mtaa ambao Ijumaa unahamia Dar ni kitu kizuri. Lakini fikiria kidogo, hilo daftari ni orodha ya nyumba zisizo na watu, na liko mikononi mwa mtu aliyeajiriwa juzi na atakayeondoka kesho kutwa. Mwizi atafute nini tena? Afande mwenyewe ndo aliyeliona, akashauri orodha ibaki kwa supavaiza, soja aambiwe tu pita nyumba fulani na fulani na wachanganyiwe humo na nyumba zenye watu. Kampuni wakaitikia ndiyo ndiyo. Mpaka sasa daftari linalala kwenye kibanda cha geti juu ya meza, nimeliona kwa macho yangu, na mimi nikisafiri siandikishi, namwambia yule mzee wa OB mdomoni basi.

Vile vile mwanzoni walileta kwa afande nakala za vitambulisho vya taifa vya NIDA, wadhamini na hati za polisi za tabia njema za kila soja atakayekanyaga mtaani, alizidai na wakazileta, safi kabisa. Hao wanaokuja kubadilishana hawajaletewa. Afande anakumbusha, supavaiza anasema ziko njiani. Ziko njiani kutoka wapi, Kigoma kwa miguu?

Kamera sitasema sana. Tumeweka mbili barabarani, zinasaidia kiasi. Kulikuwa na tabia ya kukata kipande cha video mtu kapita na kofia, kinarushwa grupu la mtaa kimeandikwa MWIZI HUYU, mara mbili yule mtu alikuwa fundi wa watu. Afande alipiga marufuku, video zinaenda kwake tu. Na alikumbusha kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi tangu Mei 2023 na tume yake makao makuu yako hapa hapa Dodoma, huna hata nauli ya kusingizia.

Kwa hiyo hela inalipa? Kwa mtaa wetu ndiyo. Mitungi inalala nje asubuhi unaikuta, mimi nafunga duka saa tatu usiku zamani nilikuwa nafunga saa moja, na hilo peke yake limeshazidi ile elfu thelathini. Kama polisi kata wako hajulikani sura wala namba, au kampuni inakuambia "polisi tutamalizana nao sisi", usilipe, kaa na mbwa wako. Nawapa saba kwa kumi. Alama moja nimekata kwa yale makofi, mbili kwa daftari la safari na masoja wasiojulikana walikotoka.

Mkataba unaisha mwezi wa sita. Nimeshasema kwenye kikao na imeandikwa kwenye mihutasari, nyumba yangu inasaini tena kama zamu ya usiku itakuwa na watu wale wale angalau nusu mwaka, hati zao ziko kwa afande kabla hawajavaa sare, na pikipiki inavuka korongo kila usiku na OB inaonyesha imevuka saa ngapi. Wengine walisema nadai makubwa. Supavaiza kasema atapeleka ofisini Dar wakajadili, namsubiri.